Efendi: Cheo Kilichovuka Bahari

Kila kunapokucha, katika kambi ya Mbuya, katika Kituo Kikuu cha Polisi hapa Kampala, na katika vizuizi vya barabarani toka Busia mpaka Arua, askari husimama wima mbele ya mkubwa wake na kutamka neno moja: "Afande." Halitamki jina la mtu. Halitamki cheo chenyewe kama kilivyoandikwa katika karatasi za serikali. Luteni huitwa afande, jenerali huitwa afande, na koplo wa polisi akiwa zamu huitwa afande na kuruta aliyeripoti kazini wiki iliyopita. Ni neno linalotumika mara nyingi mno hata limekosa kuulizwa lilitoka wapi.

Neno hilo si la Kiganda, wala si la Kiacholi, wala si la Kiingereza. Asili yake ni "efendi" ya Waturuki, nao waliipata kwa Wayunani. Katika jeshi la Misri, lililokuwa chini ya Dola ya Uturuki, efendi alikuwa afisa wa vyeo vya chini au karani anayejua kusoma. Katika jeshi hilohilo, mkuu wa watu kumi aliitwa onbashi, mkuu wa watu mia aliitwa yuzbashi, na mkuu wa watu elfu aliitwa binbashi. Vyeo hivyo vilikuwa hesabu tupu: ukisikia cheo cha mtu, unajua ana watu wangapi nyuma yake. Onbashi wa Kituruki ndiye ombasha wa Waswahili wa zamani, na shaushi, yaani sajini, alitoka katika chimbuko hilohilo.

Vyeo hivi vilifika Uganda kwa miguu. Utawala wa Misri katika jimbo la Ikweta, kaskazini ya Ziwa Albert, ulipokatwa na vita vya Mahdi, gavana wake Emin Pasha aliondoka na Stanley mwaka 1889 kuelekea pwani. Askari wake wengi walibaki nyuma wakiwa na bendera yao, bunduki zao na vyeo vyao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alikwenda hadi Kavalli, magharibi ya ziwa, akamkuta kiongozi wao Selim Bey, akapatana naye. Mamia ya askari, pamoja na maelfu ya wake, watoto na wafuasi, wakashuka kuja Toro, Bunyoro na Buganda. Hao ndio chanzo cha Wanubi wa Uganda wa leo, wa Bombo na kwingineko.

Selim Bey hakukaa sana katika heshima yake. Mwaka 1893 Waingereza walimtuhumu kwamba anaelemea upande wa Waislamu katika ugomvi wa dini uliokuwa Buganda, wakamkamata akiwa mgonjwa, wakamvua cheo na kumpeleka pwani. Alifia njiani, Naivasha. Alikuwa Mwafrika mwenye cheo kikubwa kuliko wote katika utumishi wa Waingereza huku bara. Baada yake ilipita zaidi ya miaka sitini kabla Mwafrika mwingine wa Uganda hajapata cheo cha uafisa kinacholingana na cha Mzungu.

Waliobaki waliandikishwa katika kikosi kilichoitwa Uganda Rifles, mwaka 1895. Walitumwa huku na huko bila kupumzika, mbali na familia zao. Mshahara wao ulikuwa mdogo, ukilipwa kwa vitambaa, tena kwa kuchelewa miezi mingi. Septemba 1897 baadhi yao waliamriwa kufuatana na Meja Macdonald katika safari ndefu ya kaskazini ambayo hawakuelezwa mwisho wake. Walikataa huko Eldama Ravine, wakarudi Busoga, wakaishika ngome ya Luba kando ya ziwa, na kuwaua Waingereza watatu waliokuwa mikononi mwao, akiwamo Meja Thruston aliyekuwa kamanda wao. Maefendi walikuwa miongoni mwa viongozi wa uasi huo. Ili kuuzima, serikali ya Uingereza ilileta askari wa Kihindi kwa meli kutoka Bombay hadi Mombasa, na kutoka hapo mpaka Uganda.

Msikilizaji aliweke moyoni jambo hilo, maana litajirudia. Waingereza walijifunza mambo mawili katika uasi wa 1897. La kwanza, kwamba askari wa ng'ambo aliyeletwa kwa meli hana ndugu katika nchi anayotumwa. La pili, kwamba efendi ni mtu wa kuogopwa, kwa sababu askari humsikiliza yeye kabla ya kumsikiliza Mzungu.

Tarehe 1 Januari 1902 vikosi vya Uganda, Kenya ya wakati ule, Nyasaland na Somaliland viliunganishwa kuwa jeshi moja, King's African Rifles, lililojulikana na watu kwa kifupi K.A.R. Batalioni ya nne ilikuwa ya Waafrika wa Uganda. Ya tano ilikuwa ya Wahindi waliobakishwa Uganda baada ya uasi, nayo ikavunjwa mwaka 1904. Polepole vyeo vya Kituruki vilififia na nafasi yake kuchukuliwa na vya Kiingereza: koplo, sajini, sajini meja. Efendi alibaki kwa muda kama kivuli, kisha akaondolewa. Hivyo ngazi ya Mwafrika ikaishia kwa sajini meja. Juu ya hapo palikuwa na dari. Mwafrika angeweza kutumikia miaka ishirini, akaongoza gwaride la batalioni nzima, na bado Mzungu aliyeshuka melini juzi akiwa na tepe tatu za usajini alikuwa juu yake kwa amri.

Kuvuka bahari kulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1899, kabla hata jina la K.A.R. halijabuniwa, batalioni ya askari wa Nyasaland ilipelekwa kulinda kisiwa cha Mauritius. Haikukaa: wenyeji na askari hawakuelewana, ikaondolewa. Baadaye askari wa Nyasaland walipelekwa Somaliland, na hata Gold Coast kupigana na Waashanti mwaka 1900. Aprili 1903, huko Gumburu, kikosi cha K.A.R. kilichozingirwa na wapiganaji wa Sayyid Muhammad Abdullah Hassan kiliteketea karibu chote, maafisa na askari pamoja. Risasi za Gumburu hazikuuliza cheo.

Vita Kuu ya Kwanza vilipiganwa hapahapa barani, katika Tanganyika ya Wajerumani na Msumbiji, na mateso ya wapagazi wa vita hivyo yanastahili mazungumzo yake yenyewe. Kwa habari ya vyeo, inatosha kusema kwamba Wajerumani nao waliandikisha Wasudani kutoka Cairo mwaka 1889. Kwa hiyo upande wa pili wa mstari wa moto walikuwako ombasha, shaushi na efendi, watoto wa jeshi lilelile la Misri, wakipigana na ndugu zao wa upande huu kwa ajili ya wafalme wawili wa Ulaya.

Mwaka 1939 vita vya pili vilipoanza, askari wa K.A.R. alikuwa bado anatembea bila buti. Katika miaka sita iliyofuata Uganda ilitoa watu karibu 77,000 kwa jeshi, wapiganaji, madereva, wahandisi, wauguzi na wapagazi. Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa kuwafukuza Waitalia kutoka Abyssinia. Mei 1941 batalioni za K.A.R. zilipigana vikali mahali panapoitwa Kolito, na Novemba mwaka huohuo Gondar, ngome ya mwisho ya Waitalia, ilisalimu amri. Jina hilo la Kolito litatajwa tena hapa chini, kwa sababu ambayo askari waliopigana pale wasingeweza kuibashiri.

Mwaka 1942 vita vilifika baharini. Wajapani waliiteka Singapore mwezi wa Februari, na Waingereza wakaogopa kwamba bahari ya Hindi yote itapotea, na kwamba Madagaska, Bukini ya wazee wa pwani, iliyokuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, itawapa Wajapani bandari. Mei 1942 majeshi ya Uingereza yakashambulia Diego Suarez, kaskazini ya kisiwa. Mashambulizi yalipokwama, manowari iitwayo Anthony iliingia bandarini usiku ikiwa na askari wa majini 50 tu, ikawashusha nyuma ya Wafaransa, na kabla ya kupambazuka wakawa wameleta fujo kubwa mno hata ulinzi wa mji ukavunjika.

Askari wa majini ni kundi lenye kazi ya peke yake. Si baharia, wala si askari wa kawaida wa nchi kavu. Ni mpiganaji anayeishi melini na kushushwa pwani pale panapotakiwa pigo la ghafla. Wale wa Uingereza, Royal Marines, walianzishwa mwaka 1664, na kwa karne tatu kazi yao imekuwa kutua katika nchi za watu. (Uganda nayo, ijapokuwa haina bahari, ina kikosi chake cha askari wa majini kwa ajili ya Ziwa Victoria.) Katika vita vya Madagaska, askari wa majini walipiga pigo la usiku mmoja. Kazi ndefu iliachiwa wengine. Septemba 1942 brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa K.A.R. kutoka Nyasaland, Kenya na Tanganyika, iliteremka Majunga na kutembea mamia ya maili, ikifyeka miti iliyokuwa imeangushwa barabarani na kujenga upya madaraja yaliyobomolewa. Antananarivo ilitekwa tarehe 23 Septemba, na Wafaransa wakasalimu amri mwezi wa Novemba, kusini kabisa. Mkulima wa Songea aliyekuwa hajapata kuona bahari alivuka nayo kisiwa kizima.

Waganda, Waacholi, Walango, Wateso na wengine wa batalioni ya nne walikwenda mbali zaidi. Mwaka huohuo wa 1942 walipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, katika brigedi ya 21, kukilinda kisiwa hicho dhidi ya Wajapani. Mwaka 1943 ikaundwa divisheni nzima, ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo alama yake begani ilikuwa kichwa cha kifaru. Ndani yake mlikuwa na batalioni tatu za Uganda: ya 4, ya 34 na ya 44. Tarakimu ya mwisho ilibaki 4, ili kila mtu ajue kikosi mama ni kipi.

Safari yenyewe ilikuwa vita. Februari 1944 msafara wa meli uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo. Katika meli iliyoitwa Khedive Ismail walikuwamo watu zaidi ya 1,500, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la regimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Adhuhuri ya tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani, I-27, iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Walio chini, ambako ndiko walikokuwa askari wengi wa Kiafrika, hawakupata nafasi hata ya kufika ngazini. Manowari mbili zilizousindikiza msafara zilirudi kuitafuta nyambizi, na kwa kuwa ilijificha chini ya mahali palepale walipokuwa wakielea walionusurika, mabomu ya kina yaliangushwa hapo hapo. Nyambizi ilizamishwa baadaye siku hiyo. Waliokufa walikaribia 1,300. Vijijini Afrika Mashariki, mama wengi hawakupata kaburi la kulilia, na wengi hawakujua hata jina la bahari iliyomchukua mtoto.

Agosti 1944, katikati ya mvua za masika ya Asia, divisheni ya kifaru ilipewa bonde la Kabaw. Jenerali Slim, mkuu wa Jeshi la Kumi na Nne, alikuwa ameyavunja mashambulizi ya Wajapani huko Imphal na Kohima, naye hakutaka adui apumzike mpaka kiangazi. Majeshi mengine yalifuata njia nyingine. Waafrika wa Mashariki, chini ya Meja Jenerali Fowkes, waliteremka kutoka Tamu kuelekea kusini, katika bonde lililosifika kwa malaria na homa ya kupe wadogo wa porini, bonde ambalo watu waliliita la mauti.

Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa maana mengi yaliyoandikwa juu ya vita vya Burma huruka kutoka Imphal hadi Mandalay kana kwamba jeshi lilipaa. Njia ya Kabaw ilikuwa tope. Magari yalizama mpaka kwenye mabodi. Wahandisi na askari walikata magogo na kuyalaza moja moja, maili baada ya maili, ili lori moja lipite. Pale lori lisipoweza kupita, mizigo ilibebwa kichwani na mgongoni. Chakula na risasi viliangushwa na ndege, na siku ambayo mawingu yalifunika bonde, hapakuwa na chakula. Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma waliacha walinzi wachache katika mahandaki yaliyofunikwa kwa magogo, kila kilima na kila kivuko, na kila handaki lilibidi litekwe na platuni moja, mara nyingi kwa bomu la mkono na singe. Vita vya namna hiyo si vya majenerali. Ni vya koplo na sajini, ambao kwa macho yao huona hatua ishirini tu mbele, na ambao wakisimama, kombania nzima imesimama.

Katikati ya Novemba askari wa divisheni walikutana na Wahindi wa divisheni ya tano karibu na Kalemyo. Siku za kwanza za Desemba wakaingia Kalewa, kwenye ukingo wa mto Chindwin. Wakavuka kwa mashua usiku na kushika ng'ambo, na nyuma yao wahandisi wakaelea daraja la chuma lenye urefu wa karibu mita 350, ambalo wakati huo lilikuwa daraja refu kuliko yote ya aina yake duniani. Juu ya daraja hilo jeshi la Slim lilipita kwenda Mandalay na Rangoon. Waliolifungulia mlango hawakuendelea nalo. Divisheni ya 11, ikiwa imechoka na kupunguzwa na maradhi, ilirudishwa India.

Sasa na liulizwe swali la vyeo. Ni nani aliyeamuru katika mahandaki ya Kabaw? Kwa karatasi, kila platuni ilikuwa na Mzungu. Kwa kweli, afisa alipouawa au alipoangushwa na homa, Mwafrika mwenye tepe aliichukua platuni na kuendelea. Jeshi lenyewe lilikiri jambo hilo kwa kubuni, wakati wa vita, cheo cha Mwafrika anayeongoza platuni bila kuwa afisa. Kazi ya luteni alipewa. Nyota ya luteni hakupewa, wala mshahara wake, wala nafasi katika mesi yake. Pembeni yake, katika jeshi hilohilo la Slim, aliwaona Wahindi wakiwa maafisa kamili, na mmoja wao, Thimayya, akiongoza brigedi nzima katika Arakan. Katika majeshi ya Afrika Magharibi alikuwako Seth Anthony wa Gold Coast, aliyepata kamisheni tangu mwaka 1942. Askari wa Uganda hakuhitaji mwanasiasa wa kumweleza. Alikuwa na macho.

Vita vilipokwisha aliambiwa arudi shambani. Waliobaki jeshini walingoja. Ni katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, wakati uhuru ulikuwa umeshabisha hodi, ndipo wakuu wa K.A.R. walipokwenda kulifukua neno la zamani. Cheo cha efendi kikarudishwa, kwa mfano wa vyeo ambavyo Wahindi walikuwa wakipewa zamani chini ya mfalme wa Uingereza: juu ya sajini meja, chini ya luteni mdogo kuliko wote wa Kizungu. Neno lilikuwa la heshima, na mavazi yalikuwa mazuri, lakini kamisheni ya Malkia haikuwamo ndani yake. Waliopandishwa walikuwa wengi wao masajini wa muda mrefu, hodari kwenye gwaride, wenye elimu ndogo ya shule, kwa kuwa kwa miaka mingi jeshi halikuwa limependa kuandikisha waliosoma.

Miongoni mwao alikuwamo Idi Amin, efendi wa mwaka 1959. Baadaye alipenda kusimulia kwamba alipigana Burma, na magazeti ya ulimwengu yaliyarudia maneno yake, lakini alijiunga na K.A.R. mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Mwaka 1961 yeye na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupata kamisheni. Kutoka hapo ngazi iliyokuwa imefungwa kwa miaka sitini ilipandwa kwa kukimbia. Amin alikuwa luteni mwaka 1961, kapteni mwaka 1962, meja mwaka 1963, naibu mkuu wa jeshi mwaka 1964. Mtu anayepandishwa polepole hujifunza katika kila kidato mipaka ya amri yake. Maafisa wa miaka ile hawakupewa muda huo, na kosa la kutopewa halikuwa lao peke yao.

Uhuru wa Uganda ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Bendera ilibadilika, jina la batalioni likabadilika kuwa Uganda Rifles, lakini wakubwa wa batalioni walibaki Waingereza. Hali ilikuwa hiyohiyo Tanganyika na Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya nje ya Dar es Salaam waliwafungia maafisa wao wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa mshahara, na maafisa Waafrika. Kambi hiyo ilikuwa ikiitwa Colito, kwa kumbukumbu ya ushindi wa Kolito wa mwaka 1941. Yaani askari waliasi ili wapewe vyeo, ndani ya uzio uliopewa jina la vita ambavyo baba zao na kaka zao walivipigana bila vyeo hivyo.

Serikali ya Mwalimu Nyerere, baada ya siku tano za wasiwasi, ililazimika kufanya jambo ambalo Mwalimu mwenyewe hakulificha kwamba lilikuwa la aibu: kuomba majeshi ya mkoloni wa jana. Manowari ya ndege iitwayo Centaur ilikuwa imepakia huko Aden kikosi cha 45 cha askari wa majini wa Royal Marines. Alfajiri ya tarehe 25 Januari mizinga ya manowari nyingine ilipiga risasi za kutisha, na helikopta zikawashusha askari hao karibu na kambi. Roketi moja iligonga nyumba ya walinzi. Askari kadhaa wa Tanganyika waliuawa, na waliosalia wakatoka mikono ikiwa juu. Mwaka huo, kwa bahati ya kalenda, Royal Marines walikuwa wakitimiza miaka 300.

Siku hiyohiyo ya tarehe 25, kambi ya Jinja ilizingirwa. Tarehe 23 askari wa Uganda Rifles walikuwa wamemzuia Waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao juu ya mishahara, na wakampatia karatasi ya nyongeza aitie sahihi. Serikali ya Milton Obote iliomba msaada, na askari wa Kiingereza wa Staffordshire na Scots Guards wakarushwa kutoka Kenya hadi Entebbe. Jinja haikumwaga damu. Tarehe 24 Wakenya wa Lanet walikuwa nao wameasi. Nchi tatu katika juma moja, na zote tatu zililetewa askari kutoka ng'ambo, kama Busoga ya mwaka 1897 ilivyoletewa Wabaluchi wa Bombay.

Baada ya hapo njia ziliachana. Tanganyika ilivunja batalioni zake na kuunda jeshi jipya mwezi wa Septemba 1964. Uganda iliongeza mishahara, ikawatoa maafisa Waingereza haraka, na kuwapandisha waliokuwapo. Polisi nao walipata mwaka huohuo Inspekta Jenerali wa kwanza Mwafrika, Erinayo Oryema. Amin alikuwa meja jenerali mwaka 1968. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba kamili tangu Jinja ilipozingirwa, aliitwaa nchi, na mwaka 1975 akajipa cheo cha Fildi Marshali, ambacho hakuna jeshi la Uganda lililopata kukijua kabla yake. Oryema, aliyekuwa amefanywa waziri wake, aliuawa Februari 1977 pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum.

Jeshi lililoingia Kampala Januari 1986 lilikuja bila vyeo rasmi. Katika miaka ya msituni N.R.A. haikuwa na mameja wala makanali, na vyeo vilitangazwa mwaka 1988 tu. Lakini hata katika vichaka vya Luwero, ambako hapakuwa na nyota mabegani, vijana waliwaita viongozi wao kwa neno lile lile lililoletwa na watu wa Selim Bey.

Machi 2007 Waganda walitumwa tena nje, safari hii Mogadishu, wakiwa wa kwanza katika jeshi la Umoja wa Afrika. Walipotua, mabomu yaliangukia uwanja wa ndege wakati wa mapokezi yao. Pwani hiyohiyo ya Wasomali iliwaona askari wa K.A.R. mwaka 1903 wakiamriwa na makanali wa Kiingereza. Kamanda wa jeshi zima la mwaka 2007 alikuwa Meja Jenerali Levi Karuhanga, Mganda aliyepewa amri kwa kamisheni ya nchi yake. Askari waliposimama mbele yake kuripoti, walimwita afande.